Herufi zilezile, alama tofauti: methili kwenye DNA na utambuzi wa magonjwa adimu ya kurithi

Tumfikirie mtoto mmoja. Hayupo kweli, nimemtunga kwa ajili ya makala hii, ila daktari yeyote wa watoto atasema anamfahamu. Tumwite Neema. Amezaliwa hapa Mbalizi mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Mimba ilifika muda wake, lakini mtoto ni mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Halii kwa nguvu, hanyonyi, na hata kumtunzia joto ni kazi. Mama anakamua maziwa, mtoto analishwa kwa mpira wa puani. Vipimo vya maambukizi vinarudi safi. Baada ya wiki kadhaa anaanza kunyonya kidogo kidogo, wanaruhusiwa kurudi nyumbani.

Miaka mitatu baadaye hadithi imegeuka. Neema sasa anakula bila kushiba. Anafungua masufuria, anaokota makombo, analia usiku akitaka chakula, na uzito unapanda haraka. Majirani wanasema mama amemdekeza. Wapo wanaosema mambo mabaya zaidi ya hayo.

Sasa, tuseme umepata pesa na umempima Neema DNA yake yote, herufi moja baada ya nyingine. Inawezekana kabisa usikute hata herufi moja iliyokosewa. Tatizo lake linaweza kuwa juu ya herufi, siyo ndani yake. Huko juu ya herufi ndiko tunakokwenda leo.

Methili ni nini hasa

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, na kila mmoja wetu ana seti mbili, moja ya baba na moja ya mama. Methili ni kikundi kidogo mno, atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Ndani ya seli kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukipachika juu ya herufi C, hasa pale C inapofuatwa na G. Sehemu za namna hiyo ziko kama milioni 28 katika seti moja, na nyingi kati yake, asilimia 70 hadi 80, zimebeba methili.

Waliowahi kuimba kwaya wataelewa haraka. Kwaya mbili zinaweza kutumia kitabu kimoja cha nyimbo, maneno yaleyale, lakini kila mwalimu ameweka alama zake za penseli: ubeti huu turuke, huu tuimbe mara mbili, hapa sauti ya pili inyamaze. Ukisikiliza unasikia nyimbo mbili tofauti. Seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile, ila alama za penseli zimetofautiana. Kwa kawaida methili ikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo inanyamaza. Tena seli ikigawanyika, kimeng'enya kiitwacho DNMT1 kinanakili alama hizo kwenye DNA mpya, kwa hiyo hazipotei hovyo.

Utazionaje alama hizo wakati mashine za kusoma DNA zinaona herufi tu? Jibu ni ujanja ambao mimi binafsi naupenda kuliko kitu chochote nilichofundishwa maabara. Unaiweka DNA kwenye baisalfaiti ya sodiamu, kemikali ambayo pia hutumika kuhifadhi vyakula. C isiyo na methili inageuka kuwa U, na mashine ya PCR ikikutana na U inaiandika kama T. C yenye methili haiguswi, inabaki C. Yaani umegeuza alama ya penseli kuwa tofauti ya herufi, na herufi tunajua kuzisoma. Marianne Frommer na wenzake wa Australia ndio waliochapisha njia hii mwaka 1992, na mpaka leo inatumika.

Jeni zinazokumbuka zilikotoka

Shuleni tulifundishwa kwamba haijalishi jeni imetoka kwa baba au kwa mama. Kwa jeni nyingi ni kweli. Lakini zipo kama mia moja kwa binadamu ambazo zinakumbuka zilikotoka, na alama ya kumbukumbu hiyo ni methili.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaweza kulianza somo hili shambani, kwa sababu jambo hili lilionekana kwenye mahindi kabla halijaeleweka kwa watu. Mwaka 1970 Jerry Kermicle wa Marekani alieleza jeni moja ya rangi ya punje. Jeni hiyo ikitoka kwa mmea mama, punje inakolea rangi yote. Ikija kupitia chavua, yaani kwa mmea baba, punje inatoka na madoadoa. Jeni ni ileile, ila mlango iliopitia ni tofauti.

Kwa binadamu mfano unaojulikana zaidi uko kwenye kromosomu ya 15, kwenye kipande kiitwacho 15q11-q13. Hapo nakala ya mama ina methili na imenyamaza kwa jeni kadhaa, na nakala ya baba haina methili na ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo mtoto akikosa kipande cha baba, jeni hizo hazina mtu wa kuzisemea, hata kama nakala ya mama ipo nzima. Matokeo yake ni sindromu ya Prader-Willi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956: mtoto mlegevu asiyenyonya, kisha baadaye njaa isiyokwisha. Huyo ndiye Neema wetu.

Kipande hichohicho kina jeni nyingine, UBE3A, ambayo kwenye ubongo hufanya mambo kinyume: nakala ya mama ndiyo inayofanya kazi. Ikikosekana hiyo, inatokea sindromu ya Angelman, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Harry Angelman, aliyeieleza mwaka 1965. Mtoto wa Angelman haongei au anaongea maneno machache sana, anatembea kwa kuyumba, anachekacheka, na wengi wao wanapata kifafa.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Unachukua damu, unatoa DNA, unaiweka kwenye baisalfaiti, halafu unafanya PCR kwa kutumia vipande viwili vya kuanzishia: kimoja kinachoshika nakala yenye methili, yaani ya mama, na kingine kinachoshika nakala isiyo na methili, ya baba. Ukipitisha matokeo kwenye jeli, mtu wa kawaida anatoa mistari miwili. Prader-Willi anatoa mstari wa mama peke yake. Angelman anatoa wa baba peke yake. Kwa Prader-Willi kipimo hiki kinakamata zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa. Kwa Angelman ni kama asilimia 80, kwa sababu wengine tatizo lao ni herufi iliyoharibika ndani ya UBE3A, na hiyo methili haiwezi kuionyesha.

Kwa nini nasema herufi za Neema zinaweza kuwa sawa zote? Kwa wagonjwa wengi wa Prader-Willi, asilimia 65 hadi 75, kipande cha baba kimekatika. Lakini asilimia 20 hadi 30 wamepata kromosomu 15 zote mbili kutoka kwa mama na hawakupata hata moja ya baba. Hesabu ya kromosomu ni kamili, herufi ni nzima, kinachokosekana ni alama za baba. Robert Nicholls na wenzake ndio waliolionyesha hili mwaka 1989. Na kuna kundi dogo sana ambalo kromosomu ya baba ipo ila alama zake zimewekwa vibaya.

Mgawanyo huu ndio unaoamua jibu la swali ambalo kila mzazi atauliza: nikizaa tena, itatokea tena? Kama kipande kilikatika chenyewe, au kama kromosomu zote mbili zilitoka kwa mama, uwezekano kwa kawaida ni chini ya asilimia 1. Kama kasoro iko kwenye kile kipande kidogo kinachoongoza uwekaji wa alama, na baba ameibeba, unaweza kufika asilimia 50. Kwa hiyo mistari kwenye jeli inasema "ni Prader-Willi", lakini kipimo cha pili kinahitajika kusema imetokeaje. Mzazi asipewe namba ya kurudia kwa ugonjwa kabla ya hicho cha pili.

Jina la ugonjwa lina faida hata pale ambapo dawa haipo. Njaa ya Prader-Willi inatoka kwenye ubongo, hakuna adhabu itakayoitoa. Familia inayojua mapema inafunga kabati la chakula, inapanga saa za kula, inapunguza ugali na mafuta kabla unene haujaleta kisukari na shida ya kupumua. Zipo pia sindano za homoni ya ukuaji, ghali, ila kufuli la kabati linapatikana Mbalizi sokoni. Kwa Angelman kuna jambo la dawa: karbamazepini, moja ya dawa za kifafa zinazotumika sana kwetu, inaweza kuwaongezea baadhi ya watoto hawa degedege badala ya kuipunguza. Daktari anayejua kwamba mtoto ana Angelman atachagua nyingine. (Usiache wala kubadilisha dawa ya mtoto kwa sababu ya makala ya mtandaoni. Mwulize aliyeiandika.)

Ualbino na kromosomu ya 15

Hapa kuna jambo linalotuhusu Watanzania kuliko wengi, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Ndani ya kipande hichohicho cha kromosomu 15 kuna jeni ya OCA2. Hiyo ndiyo inayohusika na aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi Afrika. Mwaka 1995 watafiti waliowapima Watanzania wenye ualbino wa aina hiyo waliripoti kwamba nakala nyingi za jeni zilizoharibika zilikuwa na kasoro moja: pengo la herufi kama 2,700.

Ualbino huu unahitaji nakala zote mbili ziharibike. Sasa unganisha. Mtoto wa Prader-Willi au Angelman aliyekatika kipande cha kromosomu amepoteza pia nakala moja ya OCA2. Ndiyo maana watoto hawa mara nyingi wana ngozi au nywele nyepesi kuliko ndugu zao. Kama nakala iliyobaki, ile ya mzazi mwingine, ina lile pengo, mtoto atakuwa na ualbino na sindromu kwa pamoja. Wagonjwa wa namna hiyo wamewahi kuripotiwa kwenye majarida ya tiba.

Piga hesabu ya haraka na mimi. Takwimu inayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Tukichukulia karibu wote ni wa OCA2, nakala iliyoharibika ni kama 1 kati ya kila 37. Maana yake, kati ya watoto wa Kitanzania waliokatika kipande hiki, kama 1 kati ya 37 atazaliwa na ualbino pia. Ni makadirio ya kalamu na karatasi, si utafiti, lakini yanatosha kukufanya usimame. Ualbino peke yake haumfanyi mtoto awe mlegevu wala asiongee. Mtoto mwenye ualbino ambaye hanyonyi, au ana degedege na hazungumzi, kila kitu kinasukumiwa kwenye rangi ya ngozi yake, na hakuna anayewaza kumpima methili.

Kutoka jeni moja hadi saini nzima

Mpaka hapa tumeangalia sehemu moja ya DNA. Miaka kumi iliyopita mambo yamepanuka sana. Zipo chipu za kampuni ya Illumina zenye uwezo wa kupima sehemu zaidi ya 850,000 za methili kwa mkupuo mmoja. Watafiti walipozitumia kwa watoto wenye magonjwa mengine adimu waliona jambo la ajabu: ugonjwa unaotokana na jeni moja unaweza kuacha muundo wake wa alama kwenye mamia ya sehemu zilizotawanyika kwenye DNA nzima, na muundo huo unaonekana kwenye damu ya kawaida. Wanauita saini ya epijenetiki.

Mfano mzuri wa mwanzo ni sindromu ya Sotos, ya watoto wanaokua haraka na kuwa na kichwa kikubwa. Mwaka 2015 kundi la Toronto, Kanada, lilionyesha saini ya jeni yake, NSD1. Mwingine ni sindromu ya Kabuki, iliyoelezwa Japani mwaka 1981. Jeni yake kubwa, KMT2D, haiweki methili kwenye DNA kabisa. Inaiweka kwenye histoni, zile protini ambazo DNA inajizungusha kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Hata hivyo alama za DNA zinavurugika, kwa sababu mifumo hii miwili inasikilizana.

Faida yake kubwa ni hii. Ukisoma jeni za mtoto unakuta mabadiliko mengi ya herufi, na mengi hayajulikani kama yana madhara. Ripoti inarudi imeandikwa "mabadiliko yenye maana isiyojulikana", na mzazi anabaki palepale, sasa akiwa na karatasi. Saini inaweza kuamua: kama herufi hiyo imeharibu jeni kweli, alama zitakuwa zimevurugika kwa namna ya ugonjwa huo. Kama hazijavurugika, huenda tunaisingizia. Bekim Sadikovic na wenzake, walioko London ya Kanada (siyo ya Uingereza), ndio waliolileta jambo hili hospitalini kwa jina la EpiSign. Mwaka 2020 walichapisha saini za magonjwa 42, na sasa yamepita 60. Mwaka 2021 waliripoti wagonjwa 207 wa kwanza kupimwa kwenye huduma ya kawaida: 57 walipata jibu chanya. Ni zaidi kidogo ya robo, na hao wengi walikuwa wameshapimwa vipimo vingine bila jibu.

Afrika ndiko tunakohitaji msaada huu zaidi. Mradi wa H3Africa ulipochapisha mwaka 2020 DNA ya watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika, walikuta mabadiliko ya herufi zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Mabadiliko "yenye maana isiyojulikana" kwetu yatakuwa mengi kuliko kwa Mzungu, kwa sababu tu hatujasomwa. Hata sura zinapotosha: vitabu vingi vya sindromu vimejaa picha za watoto wa Ulaya, mpaka Wamarekani wakaanzisha mkusanyiko wa picha za watu wa asili mbalimbali mwaka 2016.

Lakini nisiuze mbuzi kwenye gunia. Saini nyingi zimejengwa kwa kulinganisha na damu za watu wa asili ya Ulaya. Methili inaathiriwa na herufi zilizo jirani yake, na herufi zetu ni tofauti. Inaathiriwa na umri, na mchanganyiko wa seli za damu siku ile, na mtoto mwenye malaria au maambukizi ana mchanganyiko mwingine kabisa. Hata maisha yanaacha alama: mwaka 2015 utafiti wa wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati na majirani zao wakulima ulionyesha kwamba makazi ya sasa na historia ya maisha ya jamii vyote vinaonekana kwenye methili. Saini yenye nguvu kama ya Sotos sidhani itayumba. Zile dhaifu ningependa kuziona zimejaribiwa kwanza kwa damu za Mbeya, Kinshasa na Accra kabla sijaziamini.

Je, hapa kwetu?

Chipu za laki nane na nusu tuziache kidogo. Kipimo cha mistari miwili cha kromosomu 15 hakihitaji chochote cha ajabu: PCR, jeli, baisalfaiti na mtu aliyefundishwa. Mashine za PCR Mbeya zipo muda mrefu, kwa sababu ya VVU na kifua kikuu. Hata usafirishaji wa sampuli tumeshauzoea. Mtoto wa mama mwenye VVU huchomwa kisigino, matone yanakaushwa kwenye karatasi, karatasi inakwenda maabara. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walichapisha upimaji wa methili ya kromosomu 15 kwa watoto wachanga zaidi ya 16,000 wa jimbo la Victoria, kwa matone kama hayohayo yaliyokaushwa.

Tanzania huzaliwa watoto kama milioni 2 kwa mwaka. Prader-Willi inakadiriwa kwa mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 30,000. Ukichukua 20,000 unapata watoto 100 kila mwaka, na Angelman wanakaribiana nao. Kwa hiyo hata ugonjwa adimu una watoto wa kutosha kujaza darasa moja kila mwaka.

Kinachokwamisha kuanza ni kitu kidogo ambacho wanafunzi huwa hawakifikirii. Ili uliamini jibu la jeli unahitaji sampuli za kulinganishia: mtu wa kawaida, mgonjwa wa Prader-Willi aliyethibitishwa, na wa Angelman aliyethibitishwa. Za kununua nje zipo. Za hapa nchini zitatoka kwa familia zitakazokubali kwa hiari, kwa hiyo vikundi vya wazazi kama Ali Kimara Rare Disease Foundation ya Dar es Salaam vina nafasi kubwa kuliko mashine.

Na kama umesoma maelezo ya Neema ukamwona mtoto unayemfahamu, mpeleke kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa, taja wazi kwamba alikuwa mlegevu tangu kuzaliwa na alishindwa kunyonya, kisha uliza kuhusu kipimo cha methili cha kromosomu 15. Damu yake iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, ambayo huvuruga PCR, na sampuli inaweza kukataliwa.